Kutafuta matapeli wa miamala kwa mitandao ya nyuroni ya grafu bila kuwa na lebo: tulichokutana nacho Dar es Salaam

Mleta uzi (#1)

Wakuu, habari za majukumu.

Ninafanya kazi katika kitengo cha data cha kampuni ndogo ya huduma za malipo hapa Dar es Salaam. Kwa miezi kadhaa sasa kazi yangu kubwa imekuwa kutafuta laini za matapeli ndani ya miamala ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiwekea alama ya "huu ni wizi" au "huu ni halali". Ninaandika kwa urefu kwa sababu maelezo mengi kuhusu jambo hili huanzia kwenye hisabati na kuishia kwenye hisabati, ilhali sisi kilichotukwamisha ni upatu na michango ya harusi.

Kwanza tuelewane kuhusu lebo. Anayetaka kuifundisha kompyuta kutofautisha muamala wa wizi na muamala halali huipa mifano mingi ya kila upande, na kila mfano huwa umeshaandikiwa jina lake. Kwetu mifano hiyo haipo, na sababu zake zinaeleweka. Mtu aliyetapeliwa shilingi 30,000 mara nyingi hunyamaza, ama kwa aibu, ama kwa sababu akipiga hesabu ya nauli ya kwenda kituoni na siku atakazopoteza kufuatilia RB ya polisi anaona hasara inaongezeka. Anayepiga simu huduma kwa wateja, malalamiko yake huandikwa kwamba "alikosea namba", kwa kuwa hicho ndicho kisanduku kilichopo kwenye fomu. Anayeutuma ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), amefanya jambo jema sana, lakini ameripoti ujumbe, si muamala. Na hata lebo chache unazozipata huchelewa, kiasi kwamba zikifika, tapeli ameshabadili laini na mbinu.

Kwa nini grafu? Chukueni ule ujumbe ambao karibu kila mwenye simu nchini ameshaupokea: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi, na katika wengi hao hapakosi mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa kodi ya chumba na akatuma bila kupiga simu. Ukiutazama muamala wake peke yake, hauna kasoro. Kiasi ni cha kawaida, saa ni ya kawaida, na aliyetuma ameingiza namba yake ya siri kwa mkono wake mwenyewe. Wizi hauonekani ndani ya mstari mmoja wa jedwali. Unaonekana ukitazama kwamba laini iliyopokea imepokea kutoka kwa watu kumi na moja ambao hawajawahi kutumiana fedha wao kwa wao, kwamba simu iliyobeba laini hiyo ilibeba laini nyingine nne wiki iliyopita, na kwamba fedha zote zilitolewa kwa wakala ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo grafu ninayoizungumzia si ule mchoro wa mauzo wanaouonyesha mameneja ukutani. Ni vifundo na viungo: kila laini ni kifundo, kila wakala ni kifundo, kila simu na kila lipa namba ni kifundo, na muamala ni mshale kutoka kifundo kimoja kwenda kingine, ukiwa na kiasi na saa yake.

Mtandao wa nyuroni wa grafu, yaani programu inayojifunza kutokana na grafu hiyo, hufanya jambo ambalo mtu yeyote wa mtaani angelielewa. Kila kifundo huanza na maelezo yake chenyewe, kwa mfano umri wa laini, wastani wa kiasi na idadi ya miamala. Kisha kila kifundo hukusanya maelezo ya majirani zake, huyachanganya na yake, na kubaki na orodha mpya ya namba, yaani vekta. Ukirudia mara ya pili, kifundo kinakuwa kimeshapata habari za majirani wa majirani. Watafiti Thomas Kipf na Max Welling ndio walioifanya njia hii ipendwe sana kwa toleo lao rahisi, lililotoka mwaka 2016. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford wakaleta GraphSAGE, ambayo inatufaa zaidi sisi kwa sababu inaweza kutoa vekta ya laini iliyosajiliwa leo asubuhi bila kufundishwa upya, na kwa sababu huchukua sampuli ya majirani badala ya kuwachukua wote. Anayefahamu wakala mkubwa wa Kariakoo ana majirani wangapi ataelewa kwa nini hilo ni la lazima.

Sasa bila lebo mtandao huu unafundishwaje? Njia tuliyoanza nayo ni ya kubana na kujenga upya. Unaibana grafu yote iwe vekta fupi, kisha unautaka mtandao uijenge tena kutokana na vekta hizo: nani aliunganishwa na nani, na kila mmoja alikuwa na maelezo gani. Laini ambazo mtandao unashindwa kuzijenga vizuri ndizo zisizofanana na wengine, nazo hupanda juu ya orodha. DOMINANT, iliyotolewa mwaka 2019, ni mfano unaojulikana wa njia hii, nayo hupima kosa la viungo na kosa la maelezo kwa pamoja. Njia ya pili ni ya kulinganisha: unauonyesha mtandao kifundo pamoja na majirani zake wa kweli, kisha kifundo kilekile pamoja na majirani wa kubahatisha, na unaufundisha kutofautisha. Kifundo ambacho hata majirani zake wa kweli hawakifanani kinatiliwa shaka.

Tukaendesha. Orodha ya kwanza ilikuwa na laini 50. Niliichapisha kwenye karatasi, nikakaa nayo siku nzima pamoja na mwenzangu wa kitengo cha uchunguzi, dada ambaye amefanya kazi hiyo muda mrefu kuliko mimi.

Laini iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa ya Mbagala. Kila Ijumaa, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, laini 20 ziliitumia kiasi kilekile, shilingi 20,000 kila moja. Kabla ya saa tatu usiku, shilingi 400,000 zote zilikwenda kwa laini moja, na kila wiki laini hiyo ilikuwa tofauti. Kwa macho ya mtandao wetu, hicho ni kitu cha ajabu kupita vyote: watu wengi, kiasi kisichobadilika, fedha hazilali. Mwenzangu aliangalia karatasi mara moja tu akasema, "Huyu ni kijumbe." Alikuwa mama anayekusanya upatu wa wenzake.

Ya tatu ilikuwa ya mtu aliyepokea kutoka kwa watu zaidi ya 150 ndani ya miezi miwili, wengine wakiwa Moshi na Mwanza, kisha akalipa fedha nyingi kwa mafungu matano. Huyo ni mhazini wa kamati ya harusi. Ya sita ilipokea fedha nyingi ndani ya siku moja na nusu, baada ya miezi ya ukimya, nazo zilikuwa rambirambi. Zilizobaki katika kumi za mwanzo walikuwa mawakala. Tapeli wa kwanza ambaye mwenzangu alimkubali kuwa tapeli alikuwa chini ya nusu ya ukurasa.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Mtandao haukukosea. Tuliuomba ututafutie wasio wa kawaida, nao ukatuletea wasio wa kawaida, na katika jiji hili watu wasio wa kawaida kwa hesabu ni wale wanaoaminiwa na wenzao kushika fedha. Kuwa wa pekee si kuwa mwizi. Tena kuna upande wa pili unaonitisha zaidi: utapeli ukishakuwa mwingi wa kutosha, mtandao unajifunza kuujenga upya vizuri kabisa, na hapo wizi unakuwa ndio kawaida.

Karibuni, hasa wale mliowahi kufanya kazi hii kwa mikono.

Mkaguzi (#2)

Mkuu, shukrani kwa uzi uliokaa vizuri. Nina hoja mbili kama mtu wa ukaguzi.

Ya kwanza ni hesabu ambayo viongozi wetu wengi hawaifanyi kabla ya kununua mitambo. Tuchukulie mfano wa laini 1,000,000, na ndani yake matapeli 1,000. Tuseme mtambo wako ni mzuri mno, unakamata 99 katika kila matapeli 100 na unamsingizia mtu mmoja tu katika kila watu 100 wema. Utakamata matapeli 990. Lakini watu wema ni 999,000, na asilimia moja yao ni 9,990. Kwa hiyo katika kila laini 100 utakazonyooshea kidole, matapeli ni takribani tisa. Huo ni mtambo bora kuliko wowote niliouona, na una lebo. Wako hauna.

Ya pili: umejaribu njia nyepesi? Kuna ule msitu wa kutenga, uliotolewa mwaka 2008, ambao hukata data ovyoovyo na kutazama nani anatengwa mapema. Hauhitaji lebo, hauhitaji kadi za kompyuta za gharama, na unaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini. Isije ikawa tunatumia jokofu kubwa kupoza glasi moja ya maji.

Mleta uzi (#3)

Mkuu Mkaguzi, hoja zote mbili ninazipokea.

Kuhusu njia nyepesi, ushahidi upo upande wako kuliko wanavyopenda kukiri wauzaji wa mitambo. Seti ya data ya Elliptic, iliyotolewa mwaka 2019, ni grafu ya miamala 203,769 ya bitcoin na viungo 234,355. Miamala 4,545 imewekewa lebo ya uharamu, 42,019 lebo ya uhalali, na iliyobaki, ambayo ndiyo mingi, haina lebo yoyote. Watafiti walioitoa walilinganisha mtandao wa grafu na msitu wa kawaida wa miti ya maamuzi (random forest, si ule wa kutenga), na msitu ukashinda. Vekta za grafu zilipoongezwa kama maelezo ya ziada ndani ya msitu huo, matokeo yakapanda kidogo. Zaidi ya hapo, soko moja haramu la mtandaoni lilipofungwa katikati ya kipindi cha data, modeli zote zilianguka pamoja, kwa sababu tabia walizofundishwa hazikuwapo tena. Na hao walikuwa na lebo.

Kwa hiyo nasi tulirudi nyuma. Tulianza kuhesabu vitu vya kawaida kuhusu ujirani wa kila laini, kwa mtindo wa njia iitwayo OddBall ya mwaka 2010: una majirani wangapi, majirani hao wanajuana kiasi gani, na uzito wa fedha umelalia wapi. Majirani wasiojuana kabisa huchora nyota, na majirani wanaojuana wote huchora kundi lililofungamana. Kwenye utapeli wa "tuma kwenye namba hii" tunatafuta nyota. Kwenye laini zinazorushiana fedha ili kuvuna bonasi za matangazo tunatafuta kundi.

Hata hivyo mtandao wa nyuroni hatukuutupa, kwa sababu moja. Tapeli mwenye akili hujificha kwa kufanya miamala halali: ananunua umeme, anaweka vocha, analipa kwenye maduka yanayojulikana, mpaka hesabu zake za kawaida zifanane na za kila mtu. Njia iitwayo FRAUDAR, ya mwaka 2016, ilijibu hilo kwa ubunifu ulionifurahisha, kwa kupunguza uzito wa viungo vinavyokwenda kwa vifundo maarufu, ili kulipia umeme kusimsafishe mtu yeyote. Tulipochukua wazo hilo na kuliingiza kwenye uzito wa viungo kabla ya kuufundisha mtandao, orodha ilibadilika kuwa bora. Lakini kijumbe wa Mbagala hakuondoka. Alibaki wa kwanza.

Kuhusu hesabu yako, ndiyo maana sisi hatutoi hukumu. Tunatoa foleni, na mtu ndiye anayeitazama.

Mama Wakala wa Tandika (#4)

Wanangu, mimi si mtu wa hisabati hizo, ila nimekaa kwenye kibanda cha uwakala miaka mingi na nimewaona hao mnaowatafuta ana kwa ana, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua.

Mwizi haji na laini moja. Anakuja na laini mbili tatu, nyingine kwenye simu ndogo ya vitufe, na anatoa kwa haraka kabla aliyeibiwa hajashtuka. Hatoi zote kwangu. Anatoa kiasi kwangu, kiasi kwa jirani yangu, kiasi anavuka barabara, kwa sababu akitoa zote mahali pamoja wakala atamkumbuka, au floti ya fedha taslimu haitatosha. Kitambulisho ukimwomba anakuwa na haraka ya daladala. Na mkitazama jina la laini, mara nyingi ni la bibi au la kijana wa mtaani aliyesajiliwa kwa shilingi chache, wala si la anayetoa.

Kijumbe ni tofauti kabisa. Mimi mwenyewe nacheza upatu. Fedha ya kijumbe inarudi. Leo nimempa, wiki ya saba ananipa mimi, wiki ya nane anampa Mama wa pale kona, mpaka tumezunguka wote. Hakuna mwizi aliyewahi kuirudisha fedha kwa aliyemwibia. Kama kompyuta yenu haioni kwamba fedha imerudi kwa walewale, basi ifundisheni hilo kwanza.

Na niliseme hili kwa uchungu. Mwaka mmoja laini yangu ya uwakala ilifungwa mwisho wa mwezi, siku mbili, bila mtu kunieleza sababu. Mwisho wa mwezi ndiyo siku zangu. Wateja walihamia kwa wengine na baadhi hawakurudi tena. Aliyeifunga labda alikuwa na orodha kama hiyo yenu.

Mleta uzi (#5)

Mama, shikamoo, na pole sana kwa yaliyokupata. Maneno yako niliyasoma kwa sauti kwenye kikao chetu cha asubuhi, kwa sababu kwa aya moja umeitaja kasoro yetu ambayo sisi hatukuiona kwa wiki tatu.

Naomba niwafafanulie wenzangu wa kiufundi kwa nini mtandao wetu haukuweza kuliona jambo ambalo Mama analiona wazi. Tulikuwa tunakusanya maelezo ya waliomtumia kijumbe kwa wastani mmoja, na maelezo ya waliopokea kutoka kwake kwa wastani mwingine. Wastani hauna majina. Ukishawachanganya watu 20 upande wa kuingia na watu 20 upande wa kutoka, mtandao unajua kwamba pande zote mbili wamo watu wanaofanana, lakini haujui kwamba ni walewale. Huu si uzembe wetu peke yetu. Mwaka 2019 Keyulu Xu na wenzake walithibitisha kwamba mitandao ya aina hii, inayopitisha habari kutoka jirani hadi jirani, haiwezi kutofautisha grafu zaidi ya linavyoweza jaribio la Weisfeiler na Leman la mwaka 1968, linalopima kama grafu mbili zina umbo moja, na jaribio hilo hushindwa kutambua mizunguko mingi. Yaani mchezo wa upatu, ambao ni mzunguko, uko mahali ambapo chombo chetu kina upofu kwa asili yake.

Dawa si kuongeza tabaka za mtandao, yaani kurudia ule ukusanyaji wa habari za majirani mara nyingi zaidi. Tulijaribu, na tukaangukia kwenye tatizo jingine linalojulikana: tabaka zikizidi, kila kifundo kinachanganywa na kila kifundo mpaka wote wanakuwa na sura moja, na tapeli aliyezungukwa na watu wema anafanana nao. Dawa ni kuhesabu jambo lenyewe nje ya mtandao na kulikabidhi kama maelezo. Kwa kila laini tunahesabu sasa ni sehemu gani ya waliomtumia imewahi kupokea kutoka kwake ndani ya siku 180. Kwa kijumbe sehemu hiyo hukua kila wiki. Kwa tapeli hubaki sifuri.

Nimechukua pia mambo mengine mawili kwa Mama. Kwanza, muda kati ya kupokea na kutoa, na idadi ya mawakala tofauti waliotumika kutoa ndani ya saa moja. Pili, mawakala wamekuwa aina yao ya kifundo, wenye mizani yao wenyewe, wakilinganishwa na mawakala wenzao wa eneo lilelile na si na mwanafunzi anayepokea fedha ya matumizi mara moja kwa mwezi. Kwa kuwachanganya tulikuwa tunawaonea.

Mwanafunzi wa Kijitonyama (#6)

Kaka mleta uzi, ninaandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu mada hii hii. Data za kweli sina, kwa hiyo nilipanga kutumia PaySim, kwa kuwa inaelezwa kwamba imetengenezwa kutokana na miamala ya simu ya nchi moja ya Afrika. Je, inafaa? Na bila lebo, nitamwonyeshaje msimamizi wangu kwamba modeli moja ni bora kuliko nyingine?

Mleta uzi (#7)

Ndugu yangu, hongera kwa kuchagua mada ngumu.

PaySim ni kiigizo cha miamala kilichotolewa mwaka 2016, na faili linalosambaa mtandaoni lina miamala 6,362,620, ambayo 8,213 kati yake ina lebo ya utapeli. Kwa kujifunzia jedwali linafaa. Kwa grafu ninakushauri uwe mwangalifu mno. Maelezo yake yanasema tapeli huhamisha fedha kwenda akaunti nyingine kisha huzitoa, lakini ukifuatilia majina ya akaunti kwenye faili hilo, akaunti iliyopokea uhamisho wa kitapeli haionekani kuwa mtoaji katika muamala wowote wa kutoa wenye lebo ya utapeli. Mnyororo umekatika. Tena watumaji karibu wote huonekana mara moja tu, kwa hiyo hakuna ujirani wa kujifunza. Utajenga mtandao mzuri juu ya grafu ambayo haina habari ndani yake, na matokeo yatatokana na safu za salio peke yake.

Kuhusu kupima, watu wengi huchukua grafu safi, hupandikiza vifundo vya ajabu walivyovibuni, kisha hupima kama modeli inavipata. Ni mwanzo, si ushahidi. Mwaka 2022 ulitoka ulinganisho mkubwa uitwao BOND, unaoambatana na maktaba ya programu ya PyGOD, na moja ya yaliyoonekana humo ni kwamba hakuna njia iliyoshinda kila mahali, na njia zinazong'ara kwenye vifundo vya kupandikizwa hufifia kwenye vile vya asili. Aliyepandikiza na aliyetafuta ni mtu mmoja, kwa hiyo anapata alichokiweka.

Sisi tunapima hivi. Kila wiki tunachukua laini 25 za juu kabisa kutoka kwenye modeli, tunachanganya na laini 25 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, tunavuruga mpangilio, na kumpa mchunguzi bila kumwambia ipi imetoka wapi. Yeye huandika kwa kila moja: tapeli, si tapeli, au haijulikani. Kuchanganya ni kwa lazima. Mchunguzi aliyeambiwa kwamba orodha yote imetoka kwenye mashine huanza kuona wizi hata kwenye rambirambi, nasi tuliliona hilo kwa macho yetu tulipolinganisha hukumu za wiki mbili za kwanza na hukumu za baadaye. Na pale anapoandika "si tapeli", tunamtaka aandike ni nini basi. Safu hiyo ndogo ndiyo imekuwa hazina yetu: kijumbe, harusi, msiba, ada ya shule, nahodha wa jahazi anayelipa vibarua Feri, muuza mitumba anayetumiwa na wateja wa mikoani.

Usiseme tena kwamba hauna lebo, kwa maana ya kutokuwa na chochote. Una makombo, nawe kazi yako ni kuyaokota kwa utaratibu.

Mwanasheria (#8)

Nitasema machache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mhusika haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake dhidi yake. Laini ya Mama iliyofungwa kwa sababu ya alama iliyotolewa na modeli, bila mtu kutazama na bila maelezo, ni jambo ambalo kampuni inapaswa kuwa na jibu lake kabla ya kulifanya. Naomba kujua: mchunguzi wenu akiulizwa na mteja "mmeniona na kosa gani?", anajibu nini? Vekta haiwezi kusomwa mbele ya mtu.

Mleta uzi (#9)

Mwanasheria, swali lako limetulazimisha kubadili utaratibu wiki hii. Kila laini inayopanda kwenye foleni sasa inakuja na kipande cha grafu kilichochorwa, kisichozidi viungo 15, vile ambavyo tukiviondoa alama hushuka zaidi. Mchunguzi akikitazama kipande hicho na kushindwa kukieleza kwa sentensi mbili za Kiswahili, laini hiyo haichukuliwi hatua yoyote, hata alama yake ikiwa kubwa namna gani. Na kufunga laini ya wakala kunahitaji kwanza apigiwe simu.

Niwape mrejesho wa orodha mpya. Kijumbe wa Mbagala ameshuka hadi mahali ambapo hakuna atakayemgusa, na vijumbe wengine wanne tuliokuwa hatujawatambua wameshuka pamoja naye. Rambirambi zimeshuka pia, lakini kwa sababu nyingine: waliotuma wanajuana, hutumiana wao kwa wao miezi yote, ilhali waliotapeliwa hawajuani.

Mhazini wa harusi bado yupo juu. Fedha ya harusi hairudi kwa aliyechanga, na wachangaji wengi ni marafiki wa bwana harusi na marafiki wa bibi harusi, makundi mawili yasiyofahamiana. Tunachojaribu sasa ni kutazama fedha zinatoka kwa njia gani: za mhazini huishia kwenye lipa namba ya ukumbi, ya mpishi na ya mpiga picha, na za tapeli hutolewa taslimu kwa wakala. Ila wapo wapishi wengi wazuri hapa mjini wanaotaka fedha taslimu, na hao sijapata bado namna ya kuwatenganisha.

Zimebaki laini saba ambazo mchunguzi wetu amezitazama mara mbili na kuandika "tapeli" mara zote mbili. Tano kati ya hizo zimewahi kukaa kwenye simu moja. Tunazikabidhi Jumatatu.

Mama Wakala wa Tandika (#10)

Mwanangu, kuhusu mpishi: tazama tarehe. Fedha ya mpishi hutolewa siku mbili tatu kabla ya Jumamosi, na mchango wa harusi huanza kuingia miezi nyuma. Mwizi hawezi kukaa na fedha miezi miwili.

Mleta uzi (#11)

Mama, tumelala nazo miezi miwili hizo tarehe na hatukuziona. Leo jioni naanza kuhesabu fedha hukaa siku ngapi ndani ya kila laini kabla ya kutoka, na nikipata orodha nitairudisha hapa.